SOMO LA KUJIENDELEZA: NAMBA ZA MAHALI NA MATEMBEZI YA SIKU YA MVUA

Ulipokuwa katika darasa la kisomo ulijifunza mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Huenda jirani alikuuliza, "Utayatumia wapi mambo hayo, nawe ni mkulima?" Leo tutasoma habari za watu wanaoyatumia yote matatu porini, tena mvua ikiwanyeshea. Wanatafuta kopo lililofichwa. Hawana mtu wa kuwaonyesha njia. Wanazo namba tu.

Tutajifunza jinsi namba hizo zinavyosomwa. Pia tutaona jambo moja ambalo namba haziwezi kukuambia. Jambo hilo ni kubwa, maana asiyelijua anaweza kupoteza maisha yake.

Soma polepole. Ukifika penye hesabu, chukua penseli uifanye mwenyewe.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu unaitwa jiokashingi. Mtu mmoja huchukua kopo lenye mfuniko unaobana sana. Ndani huweka daftari dogo na penseli. Pengine huongeza vitu vidogo kama vifungo, sarafu au midoli. Kisha huenda porini au kando ya njia, akalificha kopo hilo chini ya jiwe au kwenye shina la mti. Halafu huandika namba za mahali pale na kuzitangaza kwa njia ya intaneti ili watu wengine wazisome.

Mtu mwingine asiyemjua kabisa huzisoma namba hizo. Huziingiza katika simu yake au katika chombo kidogo cha kuonyesha mahali. Kisha hufunga safari. Akilipata kopo, huandika jina lake na tarehe katika daftari, halafu hulirudisha palepale. Yeye hapati fedha. Furaha yake ni matembezi, na kuona jina lake limeandikwa pamoja na ya wenzake.

Katika somo hili kopo hilo tutaliita kasha. Siku hizi yapo makasha zaidi ya milioni 3 duniani.

MCHEZO ULIANZAJE?

Desturi ya namna hii ni ya zamani. Kusini-magharibi ya Uingereza, katika mkoa wa Devon, kuna nyanda za juu ziitwazo Dartmoor. Huko kuna majabali, mito midogo na vinamasi vingi. Upepo unaotoka bahari ya Atlantiki huleta mvua karibu majira yote ya mwaka. Kondoo, ng'ombe na farasi wadogo hulisha katika maeneo makubwa yasiyo na ua.

Mwaka 1854 kulikuwa na mtu mmoja aitwaye James Perrott, wa mji mdogo wa Chagford. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni. Aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, katikati ya vinamasi. Kufika pale kulikuwa kazi ngumu. Kila mgeni aliyefika aliacha kadi yenye jina lake ndani ya chupa, kuwa ushahidi kwamba amefika. Baadaye watu walianza kuacha barua. Aliyefuata alizichukua na kuzipeleka posta. Basi mchezo huo ukaitwa kwa jina la visanduku vya barua, na hadi leo unachezwa Dartmoor.

Jiokashingi yenyewe ilianza mwaka 2000 nchini Marekani. Nchi hiyo ina setilaiti za kuonyesha mahali. Zamani serikali ilizifanya kwa makusudi zisiwape raia namba sahihi. Mtu aliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 zuio hilo liliondolewa. Tangu saa hiyo kila mwenye chombo aliweza kupata namba nzuri.

Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer wa jimbo la Oregon alitaka kujaribu usahihi huo. Alificha ndoo katika msitu karibu na Beavercreek. Ndani aliweka vitabu, fedha kidogo, kopo la maharage na vitu vingine. Alitangaza namba za mahali pale. Katika muda wa siku 3 watu wawili walikuwa wameiona ndoo hiyo. Wa kwanza alikuwa Mike Teague. Hakuna aliyewashika mkono. Walisoma namba, basi.

SETILAITI HUJUAJE ULIPO?

Setilaiti ni vyombo vinavyoizunguka dunia juu sana. Hizi tunazozizungumzia ziko kama kilomita 20,200 juu yetu. Ili kazi iende vizuri huhitajika zisizopungua 24.

Wewe mkulima unajua jambo linalofanana na kazi yake. Radi inapopiga, unaona mwanga kwanza. Sauti huja baadaye. Ukihesabu sekunde 3 kati ya mwanga na sauti, radi imepiga kama kilomita 1 kutoka ulipo. Ukihesabu sekunde 6, ni kama kilomita 2. Yaani muda umekuambia umbali.

Simu nayo hufanya hivyo. Setilaiti hutuma habari zenye saa yake. Simu hupima muda uliotumika njiani, ikajua umbali. Ikizipata setilaiti 4 au zaidi, hupiga hesabu na kujua mahali ulipo. Mahali pa wazi simu hukosea kama mita 5 tu. Chini ya miti mingi au kando ya jabali refu hukosea zaidi.

KUSOMA NAMBA ZA MAHALI

Sasa shika penseli. Tazama mfano huu:

N 50° 35.850
W 003° 54.600

Hizi ni namba za mfano za mahali karibu na kijiji cha Postbridge, Dartmoor. Tuzisome kidogo kidogo.

Kwanza, herufi. N maana yake ni kaskazini. S ni kusini. E ni mashariki. W ni magharibi. Herufi hizi zimetokana na Kiingereza, lakini zinatumika duniani kote.

Pili, mstari wa juu unaeleza umbali kutoka Ikweta. Namba hii huitwa latitudo. Mahali petu pa mfano ni digrii 50 kaskazini ya Ikweta.

Tatu, mstari wa chini unaeleza umbali kutoka mstari wa Greenwich. Mstari huo unapita London, ukashuka hadi Ghana. Namba hii huitwa longitudo. Mahali petu ni digrii 3 magharibi ya mstari huo.

Nne, namba zinazofuata digrii huitwa dakika. Hizi si dakika za saa. Digrii 1 ina dakika 60. Dakika 1 ya latitudo ni kama mita 1,852. Kwa hiyo digrii 1 ya latitudo ni kama kilomita 111.

Sasa tufanye hesabu. Mtu amenakili namba kwa haraka. Badala ya kuandika 35.850 ameandika 35.580. Tarakimu ni zilezile, ila mbili zimebadilishana nafasi. Je, amekosea kwa mita ngapi?

35.850 kutoa 35.580 = 0.270
0.270 mara 1,852 = kama mita 500

Umeona? Tarakimu mbili tu zimempeleka mbali kwa mita 500. Hivyo ni viwanja 5 vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Mtu huyo atainua kila jiwe hadi jioni, na kasha hataliona. Wala kasha halijaibwa. Penseli yake ndiyo iliyompoteza.

Kwa hiyo, ukinakili namba yo yote, iwe ya mahali, ya simu, ya mizani ya pamba au ya stakabadhi, isome mara mbili. Afadhali mwenzako akusomee kwa sauti, nawe ufuate kwa kidole.

MATEMBEZI SIKU YA MVUA

Sasa tutoe mfano wa familia moja. Familia hii ni ya kubuni, lakini mambo yanayoipata ndiyo yanayowapata watembeaji wa kweli huko Dartmoor.

Baba, mama na binti yao wa miaka 12 wamefika Postbridge. Ni mwezi wa Desemba. Mvua imenyesha usiku kucha na bado inanyesha. Wamevaa makoti ya mvua na mabuti. Mama amebeba ramani ya karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, tochi, chakula na sweta za akiba. Mwezi huo jua la huko huzama kabla ya saa 10 na nusu jioni. Kwa hiyo wamepatana: ikifika saa 8 mchana, kasha lipatikane lisipatikane, watageuka kurudi.

Hapo Postbridge kuna daraja la kale sana juu ya mto East Dart. Limejengwa kwa mabamba makubwa ya mawe yaliyolazwa juu ya nguzo za mawe. Kando yake kuna daraja la barabara. Familia haikuvuka. Ilifuata njia ya ukingo wa magharibi, ikapanda na mto.

Njia ilikuwa tope tupu. Ukungu ulishuka hata majabali ya mbali hayakuonekana. Binti alishika simu. Kila baada ya hatua chache alisoma kwa sauti: "Mita 300. Mita 200. Mita 120." Mwishowe akasema, "Mita 60! Mshale unaonyesha kule ng'ambo."

Wakatazama. Kati yao na ng'ambo ulikuwa mto. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yanakwenda kwa kishindo. Katikati kulikuwa na mawe ambayo siku za ukavu mtu angeweza kuyakanyaga akavuka. Siku hiyo maji yalipita juu yake.

"Baba, tuvuke," binti akasema. "Zimebaki mita 60 tu."

"Mwanangu, simu imesema mita 60," baba akajibu. "Lakini je, imesema maji yana kina gani?"

"Haikusema."

"Imesema yana nguvu gani?"

"Haikusema, Baba."

Mama akafungua ramani. Akaweka kidole mahali walipo, akakivuta hadi darajani. "Kurudi darajani ni kama nusu kilomita," akasema. "Kupanda tena upande wa pili ni nusu kilomita nyingine. Saa sasa ni 6 na robo. Muda tunao. Twende tukavuke darajani."

Basi wakarudi. Mita 60 zikawa kilomita 1.

MSHALE HAUJUI MTO

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Simu hupima mstari ulionyooka, kama ndege arukavyo. Haihesabu mto. Haihesabu korongo, kinamasi wala ua wa mtu. Namba ni ya kweli, lakini si njia. Njia huisoma wewe mwenyewe kwa macho, kwa ramani na kwa kuwauliza wenyeji.

Jambo hili si la Waingereza peke yao. Wakati wa masika, makorongo yetu yanayokuwa makavu asubuhi hujaa mchana. Pengine mvua haijanyesha kijijini kwako, imenyesha mlimani, na maji yanakuja. Mtu anaiona nyumba yake ng'ambo. Anasema, "Nimeshafika." Anaingia majini. Wapo waliokufa hivyo huku jamaa zao wakiwatazama.

Kumbuka mambo haya manne:

1. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu.
2. Maji machafu huficha mashimo na magogo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.
3. Pikipiki na gari pia huchukuliwa na maji. Uzito wa chombo si kinga.
4. Kuchelewa si aibu. Zunguka darajani. Kama daraja hakuna au limefunikwa na maji, subiri yapungue.

NDANI YA KASHA

Familia yetu ilivuka darajani, ikapanda ukingo wa mashariki. Simu iliposema mita 4, binti aliifunga na kuiweka mfukoni. Hapo simu imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni macho. Akaona jabali lenye ufa chini. Katika ufa kulikuwa na jiwe bapa lililosimama tofauti na mengine. Akaliondoa taratibu. Nyuma yake kulikuwa na kasha.

Hawakulifungua mvuani. Mama alitandaza koti lake kama paa, ndipo mfuniko ukafunguliwa. Kwa nini? Kwa sababu matone machache yakiingia, daftari huoza, na majina ya watu hufutika. Tena waliandika kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi hukataa kwenye karatasi yenye unyevu, au hutawanyika. Penseli huandika na maandishi hudumu.

Binti aliandika majina yao na tarehe. Akasoma majina ya waliotangulia. Hakuwafahamu hata mmoja, lakini alijua walikanyaga hapo. Wahenga wa mahesabu husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata matembezi yasiyoandikwa hupotea.

Kisha wakafunga mfuniko kwa nguvu, wakarudisha kasha na jiwe kama walivyolikuta. Saa ilikuwa 7 na dakika 20. Wakarudi kijijini kabla ya giza.

KANUNI ZA MCHEZO NA HESHIMA YA SHAMBA

Mchezo huu una kanuni. Mkulima akizisoma atazipenda.

Kwanza, kasha lisizikwe ardhini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Haifai kuchimba bila ruhusa hiyo.

Pili, anayeficha kasha aombe ruhusa kwa mwenye ardhi au mwangalizi wake.

Tatu, chakula kisiwekwe ndani. Wanyama watakinusa na kulivunja kasha.

Nne, ukichukua kitu, weka kingine chenye thamani ileile au zaidi.

Tano, usibomoe kuta za mawe kwa kutafuta. Ukuta uliobomoka hutoa mifugo ya mtu.

Sita, lango uliache kama ulivyolikuta. Ukilikuta limefungwa, lifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi. Pengine mwenye mifugo ameliacha wazi ili ng'ombe wafike majini.

NAMBA HIZI KWETU

Huenda utasema, "Mimi sina muda wa kutafuta makopo." Ni sawa. Lakini namba za mahali zinafaa kwa mambo mengine mengi.

Mji wa Dodoma uko karibu na S 06° 10, E 035° 44. Dar es Salaam iko karibu na S 06° 48, E 039° 17. Tazama herufi. Tanzania nzima iko kusini ya Ikweta na mashariki ya Greenwich. Kwa hiyo ukiandika N badala ya S, Dodoma itahamia kaskazini ya Ikweta, mbali na nchi yetu. Herufi moja tu!

Kijiji chako nacho kina namba zake, hata kama hakimo katika ramani. Kisima kibovu kina namba zake. Daraja lililokatika lina namba zake. Mnapoomba msaada wa fundi, badala ya kuandika "ng'ambo ya mbuyu mkubwa," mnaweza kuandika namba. Fundi hajui mbuyu wenu. Namba ataijua. Lakini namwambieni pia ni njia ipi inapitika wakati wa masika, maana mshale hautamwambia.

Simu nyingi za kisasa zenye kioo cha kugusa huweza kuonyesha namba hizi, hata mahali pasipo na mtandao, kwa sababu habari hutoka kwenye setilaiti. Ramani ndiyo inayohitaji mtandao, isipokuwa umeihifadhi mapema. Kama huna simu ya namna hiyo, muombe kijana wa kijijini akuonyeshe. Kuuliza si ujinga.

MASWALI

1. James Perrott aliweka chupa yake mahali gani, na mwaka gani?
2. Herufi S na E zina maana gani?
3. Mtu ameandika 10.430 badala ya 10.340. Ni latitudo. Amekosea kwa mita ngapi?
4. Kwa nini familia iliandika kwa penseli?
5. Simu ilisema mita 60. Kwa nini familia ilitembea kilomita 1?

Jibu la swali la 3: tofauti ni 0.090. Zidisha kwa 1,852. Utapata kama mita 167.

KAZI YA KIKUNDI

Kaeni watu watano au sita. Chukueni karatasi kubwa. Choreni ramani ya kijiji chenu: nyumba, shule, zahanati, kisima na njia. Halafu, kwa rangi nyingine, choreni kila mahali ambapo maji hukata njia wakati wa mvua. Jadilianeni: mtoto wa shule apite wapi siku hiyo? Nani atamwonyesha? Andikeni majibu yenu, muandike na tarehe. Bandikeni ramani hiyo katika ofisi ya kijiji kabla ya mvua za mwanzo, ili kila mwenye kujua kusoma aisome, na amsomee asiyejua.